"Mtoto ana mawazo": kaunsela wa shule Marekani anafundishwaje kumwelewa mtoto aliyetoka mbali

Naanza na kisa kimoja maana bila hicho maelezo mengine yote yatabaki hewani. Mama mmoja Mkongo aliitwa shuleni kwa mwanae hapa Marekani, kijana wa darasa la nane, walimu wanalalamika analala darasani, haongei na mtu, chakula cha mchana anakiacha. Kaunsela wa shule akapiga ile simu ya ukalimani, zile laini ambazo mkalimani hakuoni na wewe humuoni, akamuuliza mama hali ya nyumbani ikoje. Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha Kivu, "huyu mtoto iko na mawazo mingi tangu tulifika huku." Mkalimani akalihamisha neno kama lilivyo. Sasa kwenye Kiingereza cha shule za huku, ukimwambia kaunsela kwamba mtoto "ana mawazo", anachosikia yeye ni mawazo ya kujiua, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kuuliza, je mwanafunzi ana mawazo ya kujidhuru. Basi hapo hapo utaratibu ukaanza, mtoto katolewa darasani, asiachwe peke yake hata dakika moja, maswali ya vidonge na visu na kamba, mama anapewa karatasi asaini kwamba ameambiwa ampeleke hospitali. Mama akatoka pale analia, anajua shule imesema mwanae ni kichaa.

Wewe unayesoma Kiswahili umeshaelewa toka mwanzo mama alisema nini. Mtu mwenye mawazo kwetu ni mtu aliyelemewa, usingizi hamna, anawaza vitu visivyoisha, yupo kwenye kiti lakini hayupo. Inaweza ikawa nzito kweli na inaweza ikafika hata huko kaunsela alikokuogopa, lakini neno lenyewe halijasema hivyo bado. Na nisieleweke vibaya, kaunsela kuchukua tahadhari hakukosea, mtoto ni mtoto na afadhali uhangaike bure kuliko uzike. Kilichokosekana ni swali moja tu, "mama, ukisema mawazo, unaona nini kwa mtoto?" Swali la sekunde tano. Halikuja kwa sababu hakuna aliyewahi kumzoesha kuliuliza.

Mimi nimekaa kwenye vikao vya namna hii kama mkalimani miaka kadhaa, na ndiyo nikaanza kufuatilia hawa makaunsela wanafundishwa nini hasa kuhusu watu wa tamaduni zingine. Mada yenyewe ina majina mengi na nadharia zinazopandana, nitajaribu kuifungua polepole.

Kwanza tuwekane sawa kaunsela wa shule ni nani, maana sisi tuliosomea Afrika Mashariki tunachanganya. Nilikosoma mimi mwalimu wa ushauri nasaha alikuwa ni huyo huyo wa baiolojia, ana vipindi vyake vyote, na mara nyingi ndiye huyo huyo wa nidhamu, ukiitwa kwake ujue una kesi. Marekani ni taaluma inayojitegemea. Majimbo mengi yanataka mtu awe na masta ya ukaunsela wa shule na leseni au cheti cha jimbo. Vyuo vilivyoidhinishwa na chombo kinachoitwa CACREP vinadai krediti 60, halafu mazoezi ya awali saa 100 ambazo angalau 40 uwe umekaa na watu uso kwa uso, halafu intanshipu ya saa 600 ambazo 240 ni za kuhudumia watu moja kwa moja, yote chini ya msimamizi. Kazi yake ina miguu mitatu, masomo ya mtoto, maisha yake baada ya shule, na hali yake ya moyo na mahusiano. Na kwenye mtaala huo huo utamaduni ni mojawapo ya maeneo nane ya msingi, yaani sio kozi ya hiari, kila anayehitimu kapita hapo. Kwa hiyo ukimkuta kaunsela hajui aanzie wapi na mama wa Kikongo usifikiri hajasoma. Kasoma. Suala ni kasomeshwa vipi.

Hii habari haikuwepo toka mwanzo. Mwaka 1962 Gilbert Wrenn, mmoja wa wakubwa wa fani hii, aliandika makala kuhusu kaunsela aliyefungiwa ndani ya utamaduni wake, mtu anayeishi kama ndani ya kifuko, anaona mazoea yake ndiyo dunia yenyewe na mteja asiyefanana na mazoea hayo ndiye mwenye tatizo. Miaka ile Wamarekani weusi walikuwa barabarani wanadai haki zao na sheria ya haki za kiraia ikapitishwa 1964, shule zikazidi kuchanganya watoto weusi na weupe, na huku makaunsela waliokuwepo walifundishwa kwa vitabu vilivyoandikwa na wazungu kuhusu wazungu. Ilichukua muda. 1982 Derald Wing Sue na wenzake wakatoa andiko la kwanza lenye uzito kuhusu uwezo ambao kaunsela anatakiwa awe nao akihudumia mtu wa utamaduni mwingine, halafu 1992 huyo huyo Sue pamoja na Patricia Arredondo na Roderick McDavis wakalipanua likawa na vipengele 31. Mpaka leo ukiingia darasa lolote la ukaunsela Marekani utakuta kivuli cha hilo andiko la 1992.

Ukilifupisha linasema hivi: kaunsela ajijue yeye mwenyewe kwanza, mila zake, upendeleo wake, woga wake. Pili aelewe mteja wake anaionaje dunia. Tatu awe na mbinu zinazomfaa huyo mteja, sio zile zinazomfaa yeye. Na kwa kila moja kuna upande wa mtazamo, upande wa maarifa na upande wa ujuzi wa mikono. Mwaka 2015 kikundi kilichoongozwa na Manivong Ratts kikaliandika upya wakaongeza kitu ambacho mimi nakiona kikubwa sana, kwamba haitoshi kumfariji mtoto chumbani ukamrudisha kwenye mfumo ule ule unaomuumiza, kaunsela anatakiwa pia asimame amtetee, akaongee na mkuu wa shule, akadai mkalimani, akahoji kwa nini watoto wa aina fulani ndio wanaofukuzwa kila wiki. Wakasema pia uangalie nani ana nguvu kwenye kile chumba, maana kaunsela na mteja hawakai sawa, na wakati mwingine mteja ndiye mwenye nafasi kubwa kwenye jamii kuliko kaunsela, mfano kaunsela mhamiaji mwenye lafudhi akikaa na mzazi mzungu tajiri.

Sasa angalia mpangilio, kujijua kumewekwa mbele kabisa. Hii sio bahati mbaya. Lakini kwenye mafunzo mengi, hasa zile semina za siku moja ambazo shule zinawaletea makaunsela walioko kazini tayari, hatua ya kwanza inarukwa na watu wanakwenda moja kwa moja kwenye ya pili, tena kwa njia ya mkato, wanagawiwa karatasi. Karatasi ya Walatino, karatasi ya Waasia, karatasi ya Wasomali, karatasi ya Wakongo. "Wakongo hawaangalii machoni, Wakongo ni watu wa familia kubwa, Wakongo ni watu wa kanisa." Hapo ndipo mimi huwa napata uchungu, maana anayeondoka na hiyo karatasi anaondoka akiwa na hakika kuliko alivyoingia.

Wakongo watatu, karatasi moja

Hebu chukua watoto watatu wenye miaka 16, wote kwenye mafaili ya shule wameandikwa nchi Kongo, lugha Kiswahili. Wa kwanza katoka Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu kule kwetu Kigoma, ambayo ipo tangu 1996. Yeye pengine kazaliwa pale pale Tanzania, Kongo hajawahi kuiona, lakini shuleni kambini kafuata mtaala wa Kongo, yaani kasoma kwa Kifaransa, hesabu anazijua vizuri tu ila maneno yake yote ya hesabu ni ya Kifaransa. Wa pili katoka Kakuma, Turkana, kambi ya tangu 1992, huyo kasoma mtaala wa Kenya, kwa Kiingereza, huenda hata KCPE kafanya, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwepo Kenya mpaka 2023, Kiswahili chake kina ladha ya Nairobi. Wa tatu katoka Nakivale, Uganda, kasoma mtaala wa Uganda, Kiswahili anakiongea nyumbani tu na mitaani walikuwa na Kinyankole. Kwa kabila mmoja ni Mbembe, mwingine Mfuliiru, mwingine Mnyamulenge. Mmoja ni Mpentekoste, mwingine Mkatoliki, mwingine Muislamu. Karatasi ya Wakongo itakusaidia nini hapo?

Kibaya zaidi hawa watoto watatu watapewa mtihani wa Kiingereza wakifika, na yule wa Nyarugusu atafeli vibaya, atawekwa kwenye hesabu za watoto wadogo ambazo alishazimaliza miaka mitatu iliyopita, ataonekana mzito, atachoka, ataanza kulala darasani, halafu ataletwa kwa kaunsela kama mtoto mwenye tatizo la kihisia. Kumbe tatizo ni ratiba. Kaunsela aliyeandaliwa vizuri anaanza na historia ya masomo, ulisoma wapi, kwa lugha gani, mpaka darasa la ngapi, ulikaa nje ya shule lini. Na aangalie tarehe ya kuzaliwa, ukiona 1 Januari usiiamini haraka, wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe hiyo kwa sababu siku halisi haikujulikana, na kuna watoto ambao hata mwaka ulikadiriwa. Mtoto anawekwa darasa kwa umri, kwa hiyo kosa la karatasi ya kambini linamfuata mpaka darasani Kentucky au Iowa, anaweza akapewa darasa la kumi na moja wakati mwisho wake ilikuwa la nne, na amebakiza miaka miwili tu kukusanya krediti zote za kumaliza sekondari.

Ndiyo maana kuna watu wakaanza kusema hili neno "uwezo" lenyewe lina mtego, linamfanya mtu adhani kuna siku atakuwa amemaliza kujifunza. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Oakland, California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, wakaleta neno jingine, unyenyekevu wa kiutamaduni. Hawa walikuwa wanafundisha madaktari lakini makaunsela wakalichukua kwa mikono miwili. Maana yake ni kwamba hujifunzi utamaduni wa mtu ukauweka mfukoni, unajizoesha maisha yako yote kujikagua, kukubali kwamba mteja ndiye anayeyajua maisha yake, na kuangalia nani kakalia nguvu. Kwangu mimi hili linakaa vizuri zaidi, na nadhani mtu yeyote aliyelelewa na bibi analijua, mgeni mwenye adabu ni yule anayeuliza kabla hajavua viatu au kabla hajaingia navyo.

Lakini unyenyekevu peke yake bila mazoezi unabaki kuwa sura ya upole. Unafundishaje sasa?

Kwa upande wa kujijua kuna zoezi moja la Kenneth Hardy na Tracey Laszloffy, la 1995, ambapo mwanafunzi wa ukaunsela anachora ukoo wake vizazi kadhaa, anaweka asili ya kila upande, halafu anaandika mambo ambayo kwao ni fahari na ambayo kwao ni aibu. Ni zoezi dogo kwenye karatasi lakini watu wanalia darasani. Msichana aliyedhani yeye hana utamaduni, kwamba utamaduni ni wa wageni, anagundua kwao kuomba msaada ni aibu, kwao mtoto mzuri ni anayejitegemea mapema, na kumbe ndiyo sababu akiona kijana wa miaka 17 anampa mama yake mshahara wote wa kazi ya jioni yeye anaona ananyonywa, wakati yule kijana kwake ndiyo utu uzima wenyewe, na nusu ya hiyo hela inaenda kwa shangazi aliyebaki kambini. Makaunsela wengi wa shule Marekani bado ni wanawake wa kizungu, nalisema bila lawama, nalisema kwa sababu usipojua kwamba umesimama mahali fulani utadhani umesimama katikati.

Sauti ambayo mteja haitoi

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la Paul Pedersen, profesa aliyewahi kufundisha Indonesia na Malaysia kabla hajarudi kuendelea na kazi kwao, na nadhani kule kukaa ugenini ndiko kulikomfumbua macho. Yeye alisema ukikaa na mteja wa utamaduni tofauti kuna mazungumzo matatu kwa wakati mmoja, yale mnayoongea kwa mdomo, yale unayojisemea wewe kichwani ambayo unaweza kuyafuatilia, na yale anayojisemea mteja kichwani mwake ambayo huyasikii kabisa. Na ya tatu ndiyo yanayoamua kama atarudi wiki ijayo.

Kwa hiyo akatengeneza igizo. Unaweka kaunsela mwanafunzi, unaweka mteja, halafu pembeni ya mteja unamweka mtu wa utamaduni ule ule ambaye kazi yake ni kusema kwa sauti yale ambayo mteja anayawaza lakini hayasemi, hasa yale mabaya, yale ya kutomwamini kaunsela. Huyo anaitwa kaunsela mpinzani. Baadaye anaongezwa mwingine, kaunsela mwenza, anayesukuma upande wa pili, anayeonesha mteja anapopata nafuu na kile kinachoweza kuwaunganisha. Kaunsela mwanafunzi anatakiwa aendelee na mazungumzo huku zile sauti zinaingia katikati, asikasirike, asijitetee, ajifunze kurudi nyuma akikosea na kuendelea.

Hebu lifikirie kwa yule mama yetu. Kaunsela anasema, "karibu, naomba nikuulize maswali machache kuhusu nyumbani." Mama anajibu, "sawa." Ile sauti ya pembeni inasema, "Anaandika nini? Kambini kila aliyeandika alikuwa na mamlaka. Hiyo karatasi anampelekea nani?" Kaunsela anauliza, "mtoto akikosea huwa mnamrekebisha vipi?" Mama anasema, "tunaongea naye." Sauti ya pembeni: "Usiseme umemchapa. Jirani alisema wanachukua watoto." Kaunsela anatabasamu, anasema, "hapa ni mahali salama." Sauti: "Salama ya nani?"

Ukishaisikia hiyo mara moja huwezi tena kukaa na mzazi ukadhani "sawa" yake ni sawa. Na unaona wazi cha kufanya, kabla ya swali lolote geuza ile karatasi mama aione, mwambie hii inakaa wapi, nani anaisoma, nani haisomi, kwamba sheria ya faragha ya shule ya 1974 inampa yeye mzazi haki ya kuziona rekodi za mwanae, na kwamba shule haitakiwi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya karatasi za uhamiaji, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua hilo mwaka 1982 kwenye kesi ya Plyler dhidi ya Doe.

Suala la viboko lazima nilikalie kidogo maana hapo ndipo imani inapovunjika mara nyingi. Kaunsela wa shule Marekani, jimbo lolote, analazimika kisheria kutoa taarifa akihisi mtoto anaumizwa, sio hiari yake na hawezi kukufichia. Mzazi aliyetoka kwetu kakulia mahali ambapo fimbo ni malezi, Tanzania mpaka leo kanuni za elimu zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti, Kenya ilifuta 2001. Mtoto anasema kwa Kiingereza chake kipya "mama kanipiga", na neno analolipata ni lile linalobeba ngumi na makofi yote kwa pamoja. Kaunsela asiyeandaliwa ana njia mbili mbaya, ama anakimbilia simu bila swali hata moja la kuelewa, ama anasema "ndio mila zao" ananyamaza, na hii ya pili ni mbaya zaidi kwa maoni yangu, maana inamwacha mtoto anayeumia kweli bila mtu, kwa jina la heshima. Mafunzo mazuri yanamfundisha kuuliza alama iko wapi, kilitumika nini, mara ngapi, unaogopa kurudi nyumbani, na kutimiza sheria pale inapodai, lakini pia kuwa amewaeleza wazazi hiyo sheria mapema, mwezi wa kwanza wa shule, kwa lugha yao, wakati hakuna kesi. Mzazi anayeisikia sheria mara ya kwanza siku ofisa anagonga mlango hataiamini shule tena.

Halafu kuna mkalimani, eneo ambalo linafundishwa kidogo sana ukilinganisha na uzito wake. Shule zinazopokea hela za serikali kuu zinafungwa na ile sheria ya haki za kiraia ya 1964, na kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974, iliyoletwa na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ikaweka wazi kwamba kumkalisha mtoto kwenye darasa la lugha asiyoielewa sio kumtendea sawa na wenzake. Wazazi nao wanatakiwa waelezwe mambo kwa lugha wanayoielewa. Pamoja na hayo bado naona mtoto wa miaka 12 anamtafsiria mama yake kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, au mdogo wake. Hilo halifai, mtoto anaficha, anapunguza, na anabeba mambo ya wakubwa. Kaunsela anatakiwa azoeshwe kuongea na mkalimani dakika tano kabla ya kikao, kumwambia leo tunaongelea nini, kumuomba asimame akikuta neno lenye maana mbili, na wakati wa kikao kumtazama mama na kuongea na mama, sio "muulize kama...".

Na asiamini kwamba Kiswahili ni kimoja. Mimi Mtanzania nikisikia Mkongo kasema "bongo" masikio yangu yanaenda kichwani au Dar es Salaam, kumbe wengi wao wanamaanisha uongo. Akisema mtoto ameenda "ku masomo" ni shuleni. Haya yanarekebishika kwa kuuliza. Kuna yasiyorekebishika kwa urahisi, nimeona familia imekuwa kimya kikao kizima, ndio na hapana tu, na baadaye ikajulikana mkalimani waliyeletewa anatoka kwa watu ambao wao walikuwa wanakimbizana nao kule milima ya Kivu Kusini. Lugha sawa kabisa. Kaunsela angeuliza tu mapema, kwa faragha, kuna mtu ungependa au usingependa akutafsirie, yangeisha.

Na majina ya ndugu, jamani. Fomu ina mstari mmoja wa mama. Mtoto Jumatatu anasema mama yake alifariki, Alhamisi anasema mama anakuja kumchukua saa tisa, kaunsela anaandika kwamba maelezo ya mtoto yanabadilikabadilika. Mama mdogo ni mama. Baba mkubwa ni baba. Mtoto hajadanganya chochote, fomu ndiyo ndogo.

Kuna jambo jingine wanalofundishwa siku hizi, na hili limekuzwa sana na Norma Day-Vines na wenzake tangu 2007, nalo ni kaunsela kuanzisha mwenyewe mazungumzo ya tofauti zao badala ya kusubiri mtoto aseme. Walionesha kwamba makaunsela wako ngazi tofauti, kuna anayekwepa kabisa akisema kwangu watu wote ni sawa, kuna anayeuliza mara moja kutimiza wajibu halafu haligusi tena, kuna anayetaka lakini mikono inamtetemeka, kuna aliyelizoea likawa sehemu ya kazi yake, na kuna ambaye limekuwa maisha yake hata nje ya ofisi. Kwa mtoto mweusi aliyetoka Afrika hii ina uzito wa pekee, kule kambini alikuwa Mbembe au Mnyamulenge, hajawahi kuwa "mweusi", amefika huku kapewa hilo jina siku ya kwanza kwenye basi la shule na hajui lina maana gani. Kaunsela akisema taratibu, "mimi ni mzungu na nimekulia hapa, kuna vitu unapitia ambavyo mimi sijapitia, nikikosea niambie, na kama kuna mtu amekuambia kitu kuhusu rangi yako au unavyoongea ningependa kusikia", sio kwamba mtoto atafunguka siku hiyo. Lakini amejua mlango upo.

Unajuaje sasa kama mafunzo yamefanya kazi? Hapa fani yenyewe imejikwaa. Njia iliyozoeleka ni dodoso, mwanafunzi anajipa alama mwenyewe, naelewa, naelewa sana. Mwaka 2000 Madonna Constantine na Nicholas Ladany walizichunguza dodoso kadhaa za namna hiyo, wakaona kwamba ukishaondoa ile tabia ya mtu kutaka kuonekana mzuri, alama alizojipa hazikuendana na uwezo wake wa kuichambua kesi ya mteja wa utamaduni mwingine. Yaani anayejiona anajua sana sio lazima ndiye anayejua. Kwangu mimi hii inatosha kusema cheti cha semina ya siku moja kisihesabiwe kuwa kitu. Kinachobadilisha mtu ni zile saa 600 zikiwa na msimamizi anayesikiliza rekodi ya kikao na kukuambia hapa mama alinyamaza sekunde nane wewe ukajaza maneno, ulikuwa unaogopa nini? Kwa hiyo intanshipu ifanyike mahali penye watoto wa aina mbalimbali, na msimamizi naye awe amepitia haya, maana wasimamizi wengi wamesoma zamani na wanasimamia kitu ambacho hawakufundishwa.

Na hata ukimfundisha vizuri namna gani, mpe muda. Chama cha makaunsela wa shule Marekani, ASCA, kinapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250, wastani wa nchi nzima unazidi 350. Kikao cha mkalimani kinachukua muda mara mbili ya kawaida. Mwenye watoto mia nne na ratiba za mitihani mezani atakimbilia karatasi ya Wakongo, na simlaumu yeye, nailaumu bajeti.

Yule mama alirudi shuleni wiki mbili baadaye na safari hii niliitwa mimi, nikakaa chumbani. Kaunsela alikuwa mwingine, dada mdogo yupo intanshipu, mkubwa wake kakaa nyuma anasikiliza. Kabla hatujaanza aliniita pembeni akaniuliza hilo neno la siku ile lilikuwa nini kwa Kiswahili, akalirudia mara tatu mpaka likamkaa mdomoni. Tulipokaa akamgeukia mama, akasema neno moja kwa Kiswahili, "mawazo", halafu akaendelea kwa Kiingereza, kule ulikotoka mtu akiwa na mawazo, nani huwa anakwenda kukaa naye?

Mama alimtazama muda mrefu. Akasema kambini kulikuwa na mjomba wake mtoto, walikuwa wanalala chumba kimoja, wanacheza mpira pamoja, na huyo mjomba hakupata safari ya kuja huku, faili lake lilibaki, na mtoto tangu wamefika hajamtaja jina hata siku moja. Dada akachukua kalamu, akageuza karatasi upande wa mama, akaomba amwandikie hilo jina yeye mwenyewe.